Kumtafutia Mbwa wa Mama Mkono Mpole

Kwetu mbwa hanyolewi. Mbwa hulala nje, hubweka, hula ukoko wa ugali, na mvua ya alasiri ndiyo humwogesha. Hivyo ndivyo nilivyolelewa hapa Merigi, na ningezeeka nikiamini hivyo kama kaka yangu hangehamia nyumba ya ghorofa huko Nairobi ambako mwenye nyumba hakutaka wanyama. Alituletea mbwa wake, kijitu cheupe chenye manyoya marefu yaliyofunika macho. Nilimuuliza kama hicho ni cha kulinda boma ama cha kupangusia vumbi. Alinijibu, bila aibu, kwamba Nairobi mbwa huyo alikuwa na saluni yake, akiogeshwa na kuchanwa kila mwezi. Mimi mwenyewe husukwa Krismasi na Pasaka, basi.

Mama ndiye aliyemchukua. Mama yangu alipofuka kwa presha ya macho, na tangu siku hiyo taabu yake kubwa haikuwa giza, ilikuwa mikono. Mikono iliyochuma chai na kukamua ng'ombe maisha yote sasa ilikaa tu. Mbwa alipanda mapajani mwake siku ile ile ya kwanza bila kukaribishwa, na mikono ikapata kazi. Alimchana kwa vidole tangu chai ya asubuhi mpaka wakati wa kukamua jioni, akimwongelesha Kikipsigis, na yule mbwa wa Nairobi akasikiliza kama aliyezaliwa hapa. Sikuwa nimemsikia mama akicheka namna ile tangu tumzike baba. Niliona wivu kidogo, nakubali.

Sasa nifike kwa kosa langu, maana nimelizunguka vya kutosha.

Kila Alhamisi mimi huwapaka ng'ombe dawa ya kupe. Ni ile ya kumwaga mgongoni: unapima, unaanzia mabegani, unashuka nayo taratibu juu ya uti wa mgongo mpaka mkiani, mstari mmoja. Alhamisi moja, mvua zikianza, mama aliniambia ameshika kupe kwenye sikio la mbwa wake. Dawa ilikuwa mkononi. Nikajiambia, mbwa ni nini kama si ndama mdogo? Nikapunguza kipimo, nikambana mbwa katikati ya magoti, nikammwagia mstari wake kama wenzake. Kwenye chupa imeandikwa, tena kwa Kiswahili, kwamba dawa hiyo ni ya ng'ombe pekee. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na moja, na sidhani kuna siku niliyokosa kuwaambia watoto wasome swali mara mbili kabla ya kujibu.

Kabla ya saa kumi mbwa alikuwa anatokwa na mate na kutetemeka miguu yote minne. Daktari wa mifugo alikuja mbio na pikipiki, akamwosha kwa sabuni mara tatu, akamdunga sindano, akakaa naye mpaka jioni. Alipona, ila ngozi ya mgongo iliungua chini ya yale manyoya. Daktari nilimwambia ukweli. Mama nilimdanganya. Nilimwambia kuna ugonjwa wa ngozi umeingia kwa mbwa wa kijiji. Majirani zangu huniletea chupa zao za dawa niwasomee maandishi, na sikuweza kuwaza mama akijua kwamba mwalimu mzima ameshindwa kusoma chupa yake mwenyewe.

Tangu siku hiyo mbwa alihamia chini ya ghala la mahindi. Ukinyoosha mkono, unaona meno. Aliniuma mimi kidole gumba, akamuuma na daktari. Nilitarajia hilo, lakini la mama lilinichoma. Kila asubuhi nilimkalisha mama kwenye kiti chake barazani, nikamfunika magoti kwa koti langu zito kwa sababu ya baridi, naye akaita. Mbwa alitoka, akasogea hatua chache mkia ukicheza, kisha akasimama, akarudi chini ya ghala. Mama alisikia vile vikucha vikija, akavisikia vikirudi. Baada ya wiki kadhaa aliacha kuita. Alikaa tu, viganja vimeangalia juu.

Manyoya nayo, bila wa kuyachana, yakajaa tope na kushikana mabonge, na chini yake kidonda kikaanza kunuka. Daktari alisema lazima anyolewe ndipo kidonda kipate hewa na dawa. Kumpa dawa ya usingizi aliogopa, kwa kuwa ile sumu ilikuwa imeuchosha moyo wake. Akasema pia, na mama akiwa hapo anasikia, kwamba mwezi ukiisha kama hajapatikana wa kumshika, itabidi amlaze kabisa kwa sindano, asiamke tena, maana kumwacha aoze akiwa hai ni ukatili. Jioni hiyo mama alikula ugali vijiko viwili, akasema ameshiba.

Basi nikaanza kutafuta wa kumnyoa. Kaka alinitumia kwa WhatsApp picha za saluni za mbwa za Nairobi, mabafu na taulo na mbwa wamefungwa utepe. Asante sana kaka, lakini mbwa mwenye moyo mgonjwa hafiki Nairobi. Nilijaribu kinyozi mmoja mjini Bomet, mwenye moyo mkubwa na mdomo mkubwa zaidi, aliyeniambia kichwa ni kichwa. Aliwasha mashine. Mbwa aliruka kutoka kwenye gunia nililombebea, akapita chini ya wateja watatu na kujibana nyuma ya kioo, na mzee mmoja aliyekuwa ananyolewa akatoka pale na kichwa nusu. Tuliombwa kwa adabu tusirudi.

Daktari ndiye aliyenikumbushia Londiani. Kule wanafuga kondoo wa sufu, na kuna mama mmoja ambaye wafugaji humwita kutoka boma hadi boma kuwanyoa. Daktari alikuwa amemwona akimnyoa dume lenye bega bovu bila kutoa tone la damu. Sikuona kondoo na mbwa wanahusiana vipi, lakini mimi ndiye niliyedhani mbwa ni ndama, kwa hivyo nikakubali kwenda.

Jirani yangu alikuwa anaenda kuchukua viazi huko na pikapu, akanipa nafasi. Nilimtega mbwa kwa kipande cha nyama ndani ya kikapu cha kuchumia chai, nikafunga gunia juu. Londiani ni baridi, nikavaa lile koti langu. Mama alitusindikiza hadi mlangoni akishika ukuta, akaniomba kitu kimoja tu: huyo mtu akishindwa, nimrudishe mbwa nyumbani kwanza, asilazwe akiwa na watu asiowajua.

Mnyoaji tulimkuta nyuma ya nyumba yake ananoa makasi kwa jiwe. Alikuwa mama wa rika langu, mfupi, kitambaa kichwani, gambuti za mvua miguuni. Makasi yenyewe hayakuwa na msumari katikati. Yalikuwa visu viwili vilivyounganishwa nyuma kwa chuma kilichopindwa. Nilijitambulisha kuwa mwalimu kutoka Merigi, nikamweleza shida, nikimpa habari ya ule ugonjwa wa ngozi vile vile nilivyomwambia mama. Unajua uongo ukishauzoea huja wenyewe. Alilegeza gunia kidogo, akachungulia, mbwa akanguruma. Hakumgusa. Aliinua kichwa, akanusa hewa, akaniangalia.

"Mwalimu, toa hiyo koti kwanza," alisema. "Peleka huko kwa geti. Halafu unawe mikono mpaka hapa kwa kiwiko, na sabuni."

Niliudhika. Nilikuwa nimeoga, tena nimetoka mbali. Nikamuuliza koti lina makosa gani.

"Inanuka dawa ya kupe. Wewe umezoea, huwezi sikia. Huyu anasikia."

Nililivua. Nilipokuwa nikilitundika getini nikalisogeza puani, na kwa mara ya kwanza nikalisikia. Ni koti ninalovaa kila Alhamisi bandani. Ni hilo hilo nililomfunika nalo mama magoti kila asubuhi ya Mungu, kisha nikashangaa kwa nini mbwa anafika hatua chache na kurudi. Nilisimama pale getini muda, nikiona aibu mbele ya ng'ombe wa watu.

Niliporudi, yule mama alikuwa amekaa chini kwenye nyasi, miguu ameinyoosha, kikapu kimefunguliwa kando yake, naye anakunywa chai kama hana mgeni. Aliniambia nikae mbali kidogo nami ninywe yangu. Mbwa alibaki kikapuni. Mara kwa mara yule mama alifunga na kufungua makasi hewani, taratibu, bila kumwangalia, ili aizoee sauti yake. Nilitaka kumuuliza tutanyoa saa ngapi. Ninajua haraka haraka haina baraka, nimeiandika ubaoni mara nyingi, lakini kukaa bila kufanya kitu hunishinda. Nafikiri ilipita saa nzima. Kisha mbwa akatoka mwenyewe, akamnusa gambuti, akamnusa mkono, akalaza kidevu chake juu ya mkono ule. Mimi nilikuwa sijaguswa na kidevu hicho tangu mwanzo wa mvua.

Alimkalisha kama wanavyokalisha kondoo: kitako, mgongo wa mbwa ukiegemea tumbo lake, miguu ya mbele inaning'inia. Alinieleza kuwa mnyama akikaa hivyo na akasikia kuna kitu nyuma kinachomshikilia, anaacha kupigana. Alipaka mafuta ya mgando kwenye mabonge, akayalainisha kwa vidole, kisha ncha ya makasi ikaingia chini yake, ikalala bapa juu ya ngozi na kusonga. Kila alipokata alitanguliza kidole chake mwenyewe, ili kama kuna wa kukatwa awe yeye. Mbwa alitetemeka mara moja tu. Manyoya yalitoka yote pamoja, kipande kimoja kizito, kama blanketi kuukuu.

Alipofika mgongoni alisimama. Kidonda kilianza katikati ya mabega, kikashuka kimenyooka, upana wa vidole viwili, mpaka mkiani. Alikiangalia sana. Anafuga ng'ombe pia.

"Hii si ugonjwa, mwalimu," alisema. "Ugonjwa haifuati laini."

Nilimwambia yote. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Aliendelea kukata, na huku anakata akanisimulia kwamba zamani mtoto wake wa pili alipopata chawa, yeye alimwosha kichwa kwa dawa ya kuogeshea kondoo. Mtoto alilazwa hospitali wiki mbili. Sasa ni mtu mzima na ana watoto wake, lakini mama huyo bado hunawa mpaka kiwiko kabla ya kushika kiumbe chochote. Wengi wamefanya hivyo, alisema, ila kila mmoja anadhani ni yeye peke yake. Kisha akaniuliza kama mwenye mbwa anajua. Nikamwambia hajui. Alinipa kopo la dawa ya kidonda, akanifundisha kuipaka.

Nilirudi nyumbani bila koti, natetemeka, mbwa uchi ndani ya kikapu. Mama alikuwa bado barazani. Nilimwambia amenyolewa, hatalazwa, nikamwondolea magotini blanketi lililokuwa likining'inia kwenye msumari mmoja na koti langu, nikamfunika shuka safi kutoka sandukuni. Nikamweka mbwa chini, nikasogea nyuma. Mama hakuita. Mbwa alisimama katikati ya baraza na huo mwili wake mwembamba ambao hata mimi sikuutambua, akanusa, akaenda moja kwa moja, akaruka mapajani.

Mama alishtuka. Aliinua mikono juu kwanza, kama mtu anayeogopa kuvunja kitu, kisha akaishusha. Alishika masikio, shingo, akacheka kwa jinsi alivyokuwa mdogo. Kisha vidole vikafika mgongoni, kandokando ya kidonda, vikaanza kushuka, mabegani mpaka mkiani. Vikapanda tena. Kicheko kikaisha. Mama amepaka ng'ombe dawa kabla mimi sijajua kusoma.

Kuna methali niliyowafundisha watoto wa watu mwaka baada ya mwaka, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na vidole vya mama.

"Ulimmwagia ya ng'ombe," alisema. Hakuwa anauliza.

Nikamwambia ndiyo. Nikamweleza na habari ya koti, kwamba ni harufu yake iliyokuwa inamfukuza mbwa, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikimfunika nalo. Nilingoja anikaripie. Mkono wake ulitulia juu ya kichwa cha mbwa, na machozi yakaanza kumtoka kwenye macho yale yasiyoona.

"Mimi nilifikiri nimeanza kunuka uzee," alisema. "Nilifikiri amenikataa, na wewe unanionea huruma hutaki kuniambia."

Miezi miwili alikuwa amekaa kwenye kiti hicho na wazo hilo, mimi nikipita mbele yake na ndoo za maziwa, nikilinda heshima yangu ya kusoma chupa. Nilipiga magoti sakafuni pale barazani. Nilimwambia pole, kwa lugha yetu, nikairudia. Ya pili ilikuwa ya mbwa.