Muhogo Mbaya Kuliko Yote Mururu

Muhogo wetu ulikuwa unakufa, nami sikuweza kusema. Hata leo sisemi sana mbele ya watu; ndiyo sababu ninaandika, polepole.

Shangazi yangu na mimi tulikuwa tumerudi kwetu Mururu kutoka Kongo, na shamba la hapo ndilo lililotulisha. Ng'ambo ya mto, upande wa Kongo, walikuwa bado wanapigana. Siku nyingine tulipalilia huku tukisikia mizinga.

Akaja profesa wa biolojia na kompyuta yake. Alisema ugonjwa wa muhogo unaletwa na kirusi, na kila kirusi kimeandikwa ndani kwa herufi nne tu. Kompyuta inazisoma, inazilinganisha na za virusi vya kwingine, ndipo anajua ndugu zake ni nani na wametoka wapi. Alituonyesha: herufi nne zilezile, mistari kwa mistari, bila nafasi wala nukta. Mwalimu wangu wa shule ya msingi angekichapa kirusi kile.

"Nileteeni majani yenye ugonjwa," akasema. "Kilima nitakachokikuta na kirusi, watu wake nitawaletea vijiti safi vya kupanda."

Kesho yake meza yake ilijaa majani mapana, mabichi, yaliyooshwa. Ya kwetu shangazi aliyachuma kwenye shina moja zima lililobaki, nyuma ya choo, akayafunga kwa kamba ya mgomba kama ya kupeleka arusini.

Profesa akashika kichwa. "Maman, haya ni mazima!"

"Sasa Papa Profesa, mugeni anapewa kitu kibovu? Sisi si batu ba hivyo."

"Kwa hiyo hapa hakuna ugonjwa?"

"Hakuna hata kidogo!" majirani wakaitika kwa fahari.

Akaanza kufunga mkoba. Niliona vijiti vyetu vinaondoka naye. Nilifungua mdomo, haikutoka sauti. Nikakimbia shambani, nikang'oa shina lililojikunja, majani ya njano, nikalitua mezani na udongo wake.

"Ondoa aibu hii!" shangazi akafoka. "Unatuvua nguo mbele ya batu?"

Profesa alikuwa amelikumbatia. "Zuri sana! Tangu nianze kazi sijaona baya kama hili!"

Watu wakasogea kulitazama. Kisha mzee jirani yetu akakohoa. "Hilo? Kuja uone langu."

Wakatawanyika mbio. Jioni ile profesa hakuwa na mahali pa kuweka ubaya wote wa Mururu.

Aliporudi kutoka maabara, vijiti vikiwa garini, shangazi hakuvitazama.

"Papa, sema kwanza. La nani lilishinda?"

Profesa akafungua kompyuta. Mihogo ya majirani ilikuwa na kirusi kimoja. Wetu ulikuwa na viwili, na kimoja kilikuwa ndugu wa vile vya Bukavu, ng'ambo ya mto.

"Munasikia?" shangazi akawageukia. "Yetu iko na mbili!"

Mashina ya zamani yalipaswa kung'olewa yote siku ileile, yasiambukize mapya. Shangazi alikubali, ila akasimama njiani akiita wapita njia waje kwanza kuyatazama. Alipokwenda kumwita mwingine, nikashika jembe nikang'oa upesi, kabla watu hawajafika.