Walimwombea Mama Apone Ugonjwa Asio Nao

Admin, jina langu liache nje. Hata somo ninalofundisha ningekuomba ulifiche, maana walimu wa kike wa fizikia hapa Thika tunajuana wote, lakini bila fizikia kisa hiki hakieleweki. Nina miaka thelathini na mbili, nafundisha shule ya upili Thika na naishi Ruiru, upande wa Kamakis. Sijaolewa, ila nina mchumba ambaye nitamwita Muriithi. Mama yangu ni mjane, analima kwetu Theta.

Miaka yote niliyofundisha nimeona kitu kimoja. Mwanafunzi akilemewa na swali la fizikia, mara nyingi si hesabu inayomshinda. Hajui aanzie wapi. Anashika fomula ya kwanza inayomjia kichwani na kuanza kujaza namba. Ndiyo maana nikamlipa mtu anayejua mambo ya programu tutengeneze app ambayo haikupi jibu. Inakuuliza umepewa nini na unatafuta nini, inakwambia uchore kwanza, na ukikosea inakurudisha polepole. Mshahara wangu ulipoishia humo kazi ikiwa nusu, niliamua kuchangisha.

Nilifungua grupu ya simu nikaweka jamaa, walimu wenzangu na niliosoma nao. Hiyo aibu sijaisahau. Mjomba aliandika "tuko pamoja," na kabla ya jioni akawa ametoka. Wengine walitoka bila hata kusema hongera. Shangazi mmoja alinipigia akauliza, "Sasa hii fizikia, ni nani amelazwa?" Nililia sana. Muriithi aliponikuta hivyo akasema, "Wewe tulia, hii kitu nitaipanga."

Baadaye aliniletea pesa, akasema kuna marafiki zake Kamakis ambao wameiamini kazi yangu. Nilipiga magoti nikamshukuru Mungu. App ikakamilika, wanafunzi wakaanza kuitumia. Msichana mmoja ambaye alikuwa akisinzia katika kila kipindi changu alinifuata hadi ofisi ya walimu kubishana nami kuhusu mchoro. Sijui kama nimewahi kufurahi vile.

Kitu kimoja tu kilinishangaza. Kanisani kwetu Ruiru, akina mama walianza kunishika mkono baada ya ibada bila kuuachilia, wakinitazama kwa huruma na wasiseme neno. Nilidhani wananihurumia kwa kuwa uchumba wangu umekawia, nikawa natabasamu huku nimewakasirikia moyoni.

Kisha siku moja mama akanipigia. Alinong'ona kama mtu aliyejificha. "Wewe, ni ugonjwa gani niko nao?"

Wale akina mama walikuwa wamemtembelea. Kwetu huwezi kumchangia mgonjwa halafu ukae tu. Lazima uende umwone. Mmoja wao amezaliwa Theta, akawaonyesha njia. Walikuja na unga, sukari na blanketi jipya, wakamkuta mama ameinama shambani. "Mami, kwani unalima na kansa?" mmoja akamuuliza. Walipotaja jina langu na ile pesa ya matibabu, mama hakuuliza swali hata moja. Aliweka jembe chini, akasema alikuwa anajilazimisha tu, akaingia ndani akalala. Walimwekea mikono wakaomba hadi wakalia. Mama aliniambia kilichomsumbua wakati huo wote ni gambuti zake zenye matope, alizokuwa nazo miguuni chini ya blanketi lao.

Muriithi hakukana. Alikuwa amefungua grupu na watu wa kanisa, akaandika kwamba mama ana kansa, na akawaonya wasinitajie kwa sababu nikisikia nazimia. "Watu hawatoi pesa ya app," alisema. "Wanatoa ya mgonjwa na ya matanga. Si uliona? Na si wewe ndio uliitumia?" Hilo la mwisho lilinichoma kwa kuwa ni kweli.

Nilikuwa bado natafuta nguvu ya kusema ukweli wakati mmoja wa wale akina mama alipomwona mama soko la Juja, amebeba kiondo cha nduma na anacheka. Kanisa zima lilishangilia kwamba maombi yamejibiwa. Jumapili hii kuna ibada ya shukrani. Gari limeshatafutwa la kumchukua mama kutoka Theta, aje atoe ushuhuda.

"Kulala nililala," mama aliniambia. "Lakini kushika maiki niseme Mungu ameniponya kitu hakunipatia, hiyo siwezi." Nilishusha pumzi, nikidhani atabaki nyumbani. Kumbe ameamua kwenda. Atawaambia ni yeye aliyetudanganya mimi na Muriithi kwamba ni mgonjwa, ili apate pesa. "Mimi watanisema halafu watachoka. Wewe wakikusema, nani atakuletea mtoto wake umfundishe?"

Muriithi aliposikia akasema, "Si umwache tu, mtu mzee husamehewa haraka." Pete yake ingali kidoleni, lakini sijaongea naye tena.

Nikisimama mimi niseme ukweli, huenda kazi ikaisha, pesa nitatakiwa kurudisha, na app itakufa wanafunzi wangu wakiwa wameanza tu kuelewa. Nikinyamaza, mama yangu, ambaye akiazima kikombe cha sukari hurudisha kimejaa kuliko alivyopewa, ataitwa mwizi mbele ya watu ambao wengi wao yeye hata hawafahamu.

Jana nilimpigia kumsihi asiende. Alikuwa amefua kitambaa chake cheupe cha kichwani, anangoja kikauke. "Usilie," akaniambia. "Wewe si ni mwalimu? Kuja Jumamosi unifundishe vile nitasema, maana sijui nianzie wapi."

Hata mimi sijui. Nyinyi mnaoliona jambo hili kutoka nje, niambieni: Jumapili asimame nani?