Talaka Tatu za Mufti wa Friji

Muosha maiti wa mtaa ule hakujua kuandika hata jina lake, ila Yasini alikuwa nayo kifuani tangu utotoni. Mumewe alikuwa fundi friji. Walisali pamoja miaka mingi bila neno, mpaka bwana alipofuga ndevu, akafupisha suruali, akageuka mwanachuoni kwa kusikiliza mawaidha kwenye simu huku akijaza gesi. Kuanzia hapo tasbihi ya mkewe ikawa uzushi, dua yake ya kunuti alfajiri uzushi, kumwombea marehemu babake uzushi. Mchuzi wake tu ndio uliobaki kwenye sunna. Majirani wakamwita Mufti wa Friji.

Mama yake Mufti alipozidiwa na maradhi, alimshika muosha mkono. "Mwanangu, huyu mumeo hatanisomea nikifa. Nisomee wewe."

"Nitakusomea, mama."

Mufti alikuwa mlangoni. "Siku utakayosomea maiti Yasini ndani ya nyumba hii, umeachika talaka tatu!"

"Maiti gani? Mama yako huyu hapa anakunywa chai."

Bibi yule alipofariki, wake wa ndugu wapya wa Mufti wa msikitini walikuja wamejifunika mpaka macho. Wakaiona maiti, wakakumbuka wameacha vyungu motoni. Muosha akakunja mikono ya gauni. Alimwosha mkwewe kwa maji ya mkunazi, akamtia kafuri, akamvisha sanda. Kisha akakaa kitako, akamsomea Yasini nzima kwa sauti ya kufika sebuleni, na ndoa yake akiijua inapokwenda.

Mufti alirudi kutoka makaburini akamkuta mkewe anafunga nguo kwenye shuka.

"Unakwenda wapi, mama watoto?"

"Umeniacha."

"Nilikutisha tu! Shehe wangu anasema kile ni kiapo, nalisha masikini, yamekwisha. Na hata ingekuwa talaka, tatu za mkupuo ni moja."

"Huyo wako. Shehe wangu, imamu wa msikiti wetu wa zamani, anasema tatu ni tatu. Si mimi mtu wa uzushi? Basi nimeachika kizushi."

"Twende kwake tukambembeleze."

"Nenda mwenyewe. Ukasali nyuma yake kwanza."

Alasiri ile watu walimwona Mufti nyuma ya imamu yule ambaye yeye mwenyewe alimtangaza mzushi, ameinua mikono juu kuliko wote kwenye dua ya pamoja. Shehe akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia tatu ni tatu.

Muosha alikuwa keshafika kwa dada yake, anauliza ndoo zake za kuoshea maiti aziweke wapi.