Pamba ya Nkoma Juu ya Kidonda

Hebu mfikirie mkulima wa pamba kutoka kijiji cha Nkoma ameketi katika chumba cha kufungia vidonda hospitalini mjini Bariadi, mguu juu ya kigoda, mkewe pembeni. Mimi nilikuwa benchi la nyuma, nikisubiri zamu yangu.

Nesi alifungua kitambaa taratibu. Kidonda cha miezi mingi kilikuwa kimeshikwa na nyuzi nyeupe, na mbegu moja imezama ndani.

"Baba, hii pamba umeitoa wapi?"

"Shambani kwangu. Nimeichuma mwenyewe."

"Uliipulizia dawa?"

"Mara tatu. Haina hata mdudu."

Mkewe akacheka. Nesi hakucheka.

"Tukiendelea hivi, baba, daktari atazungumzia kuukata huu mguu."

Kicheko kikaisha. Nesi alizilowesha zile nyuzi, akazitoa moja moja huku akieleza: kunawa mikono, kuosha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kufunika kwa kitambaa safi cha hospitali, kufunga bandeji.

"Umeelewa, baba?"

"Nimeelewa."

Mimi ni mwalimu, na darasani nimelisikia jibu hilo miaka yote. Nesi naye alijua kuwa halitoshi, maana alimpa bandeji. "Basi funga wewe, nione."

Mzee akaipokea, akaanza kuifungua.

"Mikono," mkewe akanong'ona.

Mzee akairudisha bandeji. "Nileteeni maji."

Nyinyi mnaohudumia wagonjwa, nawaombeni mkumbuke jambo moja: mgonjwa akisema ameelewa, mwombeni kwa upole awaonyeshe.