Kola Iliyofumwa na Watu Wawili

Mume wangu alipopata nafasi ya kusomea uhandisi Stockholm, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilimfuata. Tulipanga Rågsved, kitongoji cha jiji hilo. Tanga nilikuwa najulikana kwa vitambaa vya kufuma vya makochi. Mabibi harusi wengi wa mtaa wetu walianza maisha na vitambaa vyangu. Rågsved sikujulikana kwa lolote. Mume akishatoka, nilibaki na redio iliyosema nisichokielewa.

Siku moja, katika chumba cha kufulia cha jengo letu, nilimkuta mama mmoja mzee akingoja mashine imalize. Mapajani alikuwa na mto mgumu uliochomwa pini tele, na vijiti vya mbao vilivyoviringishiwa uzi vikining'inia pembeni. Alivipitisha kimoja juu ya kingine, akavisokota, akachomeka pini, na chini ya vidole vyake lesi ilikuwa inatokea. Nilisahau nguo zangu. Nikatoa kitambaa changu kwenye kapu nikampa. Alikipapasa ukingoni, akakigeuza nyuma kutazama mafundo, kisha akasogea kwenye benchi ili nikae.

Ndivyo nilivyoanza. Kwao watu walikuwa wameanza kuitana kwa majina yao tu, wakubwa kwa wadogo, lakini mimi ulimi ulikataa. Nikamwita mama, kwa Kiswahili, naye akalipenda. Alinifundisha kwa kunishika mikono, na Kiswidi changu cha kwanza kilikuwa cha uzi: vuta, legeza, fumua.

Wakati huo alikuwa anafuma kola kwa ajili ya maonyesho ya mavazi ya kale. Waandaaji walikuwa wameshona gauni la mfano wa yale ya wanawake matajiri wa karne za nyuma, waliovaa kola pana za lesi zilizofunika mabega yote. Kola moja ilikuwa kazi ya miezi. Alipofika nusu, viungo vya vidole vikamvimba. Kijiti kilimponyoka, akakiokota, kikamponyoka tena. Akanisukumia mto.

"Endelea wewe."

"Mama, hii ni kazi yako. Nitaiharibu."

"Utaiharibuje nami nimekaa hapa?"

Nilifuma majira yote ya baridi mezani kwake, yeye akinitazama. Nilipomaliza na kuchomoa pini, nikaona kilichonikata maini: mkono wangu unakaza. Nusu ya mama ilikuwa laini kama povu, yangu imesimama wima, na mahali tulipobadilishana palionekana wazi.

"Nipe ruhusa nianze upya, yote," nikamwambia. "Itakuwa ya mkono mmoja."

Akaikumbatia kola kifuani.

"Hutafumua hata fundo. Unadhani hao matajiri walifumiwa na mtu mmoja? Wafumaji wengine walizeeka kabla kola haijaisha, wengine wakaolewa wakaondoka. Mwingine alikaa kwenye kiti kilekile akaendelea. Tazama vizuri, inaonekana."

Siku ya maonyesho nilivaa gauni langu la kitenge na koti juu yake, mume wangu kavaa suti yake pekee. Lile gauni la mfano lilisimama katikati ya ukumbi, kola nyeupe juu ya kitambaa cheusi. Watu walimzunguka mama wakimpongeza. Akanyanyua mkono wake uliovimba, akaonyesha bega la kushoto la gauni.

"Hili ni langu." Kisha la kulia. "Na hili ni la huyu. Anatoka Tanga."

Alilitamka Tanga vizuri, kumbe alikuwa amelifanyia mazoezi. Mume wangu alinikonyeza, nami nikashindwa kuzuia tabasamu. Mwanamke mmoja akainama karibu na lile bega la kola nililofuma mimi, akatazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama nafundisha.

"Nafundisha," nikasema, kabla sijajiuliza.

Vuli iliyofuata nilikuwa na darasa langu, wanawake wa Kiswidi wamezunguka meza, nami nawaambia kwa Kiswidi changu: vuta, legeza, fumua. Mama alikaa karibu na dirisha na kahawa yake, akiwakatalia wanafunzi wangu kila walipomgeukia kumuuliza.

"Muulizeni mwalimu," aliwajibu.