Debe la Mchanga

Mimi nilifika darasa la tatu tu, lakini wajukuu wangu wote saba wanasoma bila kugugumia, kwa hivyo hili nawaandikia walisome wenyewe.

Mume wangu alikuwa amefutwa kazi ya ulinzi. Tuliishi Kibera, chumba kimoja cha mabati, watoto wanne, na mandazi yangu ndiyo yaliyotulisha. Bwana mmoja aliyekuwa akifuga nyoka na kuwakamua sumu ya kutengenezea dawa akasikia mume wangu ni Mkamba wa Kitui, akaamini lazima anajua nyoka. Mume wangu! Mtu wa kuruka akiona mnyoo. Lakini alijibu, "Hao nimekua nao."

Akapewa mmoja wa kujaribiwa naye, wa jangwa la kule Turkana, mfupi, rangi ya mchanga. "Kaa naye mwezi mmoja. Akiishi, kazi ni yako."

Tukamweka kwenye debe la mchanga, juu wavu wa waya na mawe mawili. Watoto nikawapeleka kwa dada yangu, Kawangware, kule mwisho wa basi la 46. Nyoka akikasirika alijikunja na kusugua magamba, chwaaa, kama mafuta kwenye karai langu. Jirani yangu Mjaluo akagonga ukuta:

"Mama Mandazi! Unakaanga na jiko hujawasha? Umevuta stima bila kutuambia?"

"Nakaanga ya kesho!" nikamjibu.

Ikaja baridi ya Julai, nyoka akagoma kula. Wiki tatu. Mume wangu akawa anamwashia mkaa kando ya debe, sisi tukipikia maranda. "Mama watoto," akaniambia, "huyu akifa, na mimi nimekwisha."

Zilipobaki siku nne, panya akatoka chini ya kitanda mchana kweupe, anatembea kama mlevi. Nikamshika kwa koleo ya mkaa, nikainua wavu, nikamtumbukiza. Nyoka akampiga, akangoja, akammeza. Nilicheza peke yangu mle ndani! Mume wangu aliporudi akaona tumbo limevimba, akacheka. Tangu afutwe kazi sikuwa nimemsikia akicheka.

Asubuhi jirani akaniuliza, "Kwako panya wamekufa wangapi? Ile sumu ya soko la Toi niliwapakia kwa vile visamaki vya omena, wee, ni moto!"

Nikarudi kwenye debe. Hata mtoto wa Kibera anajua panya anayeyumba mchana amekula dawa. Ningekuwa na paka, nisingempa. Nilijua, na bado nilimshika.

Kufikia saa nne nyoka alikuwa ameachama, hasugui tena. Mume wangu akasema ni baridi. Akabeba debe nje, na jua lilipohama akalifuata nalo, kutoka mlango wetu hadi choo cha ploti, siku nzima. "Ataamka," alikuwa akisema. Nami niko pale nakanda unga.

Jua lilipoisha nikamwambia. "Si baridi. Ni panya wangu."

Hakunipiga, hakunitukana. Aliingiza mkono mtupu ndani ya debe, akamtoa nyoka, amekwisha kufa, akamnyoosha juu ya magoti yake.

"Sasa ndiyo nimemzoea," akasema.

Jumatatu alirudisha debe, nimeliosha mimi. Kazi akapewa mwingine. Wiki hiyo hiyo kodi ikatushinda, tukawafuata watoto Kawangware, kitanda kichwani.