Sakafu ya Bustanini

Siku ya tatu baada ya kumzika bibi yangu nilipewa kazi ya kupanga vitu vyake. Ndani ya sanduku lake la bati, chini ya vitenge alivyokuwa akiwawekea wajukuu watakaoolewa, nilikuta mpira. Ni mpira mdogo, mgumu, uliokuwa mwekundu zamani na sasa una rangi ya ini, nyuzi zake zimefumuka upande mmoja. Sikujua kama aliuhifadhi. Nilikaa nao mapajani mpaka shangazi akaniita nikale, na hata hapo nikaenda nao mezani kama mtoto.

Ukiuona, rafiki yangu, utasema ni mpira tu. Basi kaa nikueleze ulitoka wapi.

Mtaa wetu pale Mugumu ulikuwa na bustani, na ninaiita bustani kwa sababu kibao kilisema hivyo. Ua hata moja halikuwepo. Kulikuwa na mabenchi mawili ya saruji, mbuzi wa watu, na majani yanayong'ang'ania sketi hadi unafika darasani umejaa vijiti. Njia ya kwenda bwawa la Manchira ilipita katikati. Karibu na njia palikuwa na kipande kisichoota nyasi, ardhi yake ngumu hata kwato za ng'ombe haziachi alama, na hapo yalikuwepo mawe matatu, kila moja jeusi upande mmoja. Bibi akitoka bwawani na ndoo kichwani lazima aitue pale. Anakaa kidogo, anatazama chini, anajitwisha tena. Sisi tulidhani magoti.

Nilikuwa darasa la tano alipohamia mwalimu wa michezo kutoka Dar es Salaam. Alikuja na begi la nguo na kiroba chenye mpira huu, kofia mbili, na kitu kama mwiko mkubwa wa kusongea ugali wa msibani. Akatuambia mchezo unaitwa kriketi, na kwamba kesho yake kila mmoja aje na gongo. Usicheke. Huko kwetu gongo ni ile pombe inayopikwa kwa kujificha, na asubuhi wazazi wanne walikuwa wamesimama mlangoni pa mwalimu mkuu wakitaka kujua ni mwalimu gani huyo. Ikabidi awaonyeshe ule mwiko.

Shule haikuwa na nafasi, kwa hiyo mwalimu akaomba bustani. Mtaa ulikubali, nadhani kwa sababu watu walikuwa wamechoka kusoma kile kibao. Jumamosi moja wakatoka na majembe na mafyekeo, mama mmoja jirani yetu akapika uji wa mtama pipa zima, na mbuzi wakahamishwa wakilalamika. Bibi hakuwepo. Alikuwa Natta kwa shangazi, kumsaidia kuvuna, na ningetamani sana angekuwepo siku ile.

Mwalimu alitaka katikati ya uwanja pawe na njia ndefu, ngumu, iliyonyooka, ambayo mpira unadunda bila kuyumba. Akazunguka akikanyagakanyaga, akafika kwenye kile kipande kisicho na nyasi, akatabasamu. "Hapa pameshatengenezwa nusu," alisema. Mawe matatu yakaonekana yako njiani. Mimi ndiye niliyeyabeba, moja moja, nimeyakumbatia tumboni, nikayapeleka pembeni kwenye mstari wa mawe mengine ya mpaka wa uwanja. Gauni langu liliingia masizi. Jioni tukayapaka mawe yote chokaa, kama yanavyopakwa ya shuleni, nikajisifu sana.

Ile njia hatukujua tuifanyeje, kwa kuwa mwalimu alizoea ya saruji. Mama jirani ndiye aliyesema kwamba sakafu ni sakafu, na ya kuchezea itatengenezwa kama ya kulalia. Tukaponda udongo wa kichuguu, tukachanganya na samadi mbichi, tukamwagia maji ya Manchira, wanawake wakapiga magoti wakasiriba kwa viganja huku wakirudi kinyumenyume. Siku tatu mfululizo. Harufu ilikuwa ya nyumba mpya. Tulipomaliza hatukuiita kwa jina alilotumia mwalimu, tuliiita sakafu.

Ikakauka yote isipokuwa sehemu moja yenye ukubwa wa ungo, karibu na pale yalipokuwa mawe. Hapo palibaki na unyevu hata jua la saa saba likichoma. Mama jirani akasiriba upya, na kesho yake pakawa pamelowa tena. Akafuta mikono kwa kanga akasema anakwenda kuangalia maharage yake jikoni, na hakurudi siku hiyo.

Tukaanza kucheza, na ndipo tukaona habari ya mpira. Ukirushwa kwa nguvu unapita salama. Lakini ukibiringika polepole, ukifika pale penye unyevu, unasimama. Haupunguzi mwendo kwanza, unasimama tu, kama umeshikwa. Mwalimu akasema kuna shimo dogo. Akaleta chupa ya maji nusu, akailaza pale, tukainama wote kutazama maji. Yalilala sawasawa. Akabiringisha mpira kutoka mashariki, ukasimama. Akabiringisha kutoka magharibi, ukasimama. Akavaa kofia yake akasema mazoezi yameisha, wakati hata saa kumi ilikuwa haijafika.

Kingine sikumwambia mtu. Mchana, nikiwa nimesimama pale na gongo mkononi, nilikuwa nasikia harufu ya ukoko, ule ugali unaoganda chini ya chungu ukaungua kidogo. Jirani wa karibu alikuwa mbali na upepo ulitoka bwawani. Mara ya kwanza nilidhani ni njaa. Mara ya tatu nilikuwa nimetoka kula nikashiba, nikageuka nyuma kutazama nani anapika. Kulikuwa na uwanja mtupu na kunguru mmoja.

Bibi akarudi kutoka Natta. Nilimpokea kituoni, nikambebea mfuko wa karanga, na njia nzima nikamsimulia kriketi. Tulipofika bustanini akasimama. Alitazama sakafu, akaizunguka, akatazama tena. "Mke mwenzangu," aliniita, kama alivyoniita siku zote kwa utani wa bibi na mjukuu, lakini safari hii hapakuwa na utani, "mafiga yangu yako wapi?"

Nikamwonyesha mstari wa mawe meupe. Yalikuwa mengi, yamezunguka bustani nzima, na yote yalikuwa sawa.

Sijawahi kumwona mtu mzima akikaa chini vile, bila kutafuta pa kukaa. Hapo ndipo nilipojua. Kabla ya mji kufika, pale palikuwa mji wake, yaani nyumba yake ya kwanza alipoolewa. Watu walipoambiwa wahame wakakae kijijini kwa mistari, nyumba ilibomolewa na uzio ukakatwa. Aliacha mafiga kwa makusudi, kwa sababu mtoto wake wa kwanza alizikwa hapo, hatua chache kutoka jikoni, upande ambao figa la tatu lilielekea. Hakuwekewa msalaba, alikuwa mdogo mno. Alikuwa ameanza kukaa tu. Kwa miaka yote hiyo bibi alijua alipo mwanawe kwa kusoma mawe matatu, nami nilikuwa nimeyabeba tumboni nikiimba.

Tulikwangua mawe jioni ile na kesho yake, mimi, mwalimu na watoto wote, kwa misumari na magunzi, tukitafuta masizi chini ya chokaa. Mwalimu alipiga magoti mbele ya bibi akasema, "Mama, nisamehe, sikujua." Bibi akamwambia ainuke, suruali ni nyeupe. Lakini mafiga yake hatukuyatambua. Masizi tuliyapata kwenye mawe sita tofauti, maana watu wa mtaa walikuwa wametoa hata mafiga yao ya zamani kusaidia mpaka wa uwanja. Na hata tungeyapata, nani angejua yalikaa wapi? Sakafu ilikuwa imefunika kila kitu. Bibi aliacha kula. Alikuwa anasonga ugali, anatupakulia na mboga ya mgagani yenye maziwa, halafu anatoka kwenda kukaa nje.

Nilikuwa naona aibu hata kumwamkia. Siku ya nne nikamwambia shikamoo, na kabla hajaitikia nikamweleza ule mpira unaosimama, unyevu usiokauka, na harufu ya ukoko. Nilitegemea anikaripie. Aliniuliza jambo moja tu. "Unasimama ukirushwa kwa nguvu, au ukibiringishwa?"

"Ukibiringishwa, bibi. Polepole."

Akachukua kanga yake, akaniambia nilete mpira. Ilikuwa saa saba mchana, bustani haina mtu, joto limenyamazisha hata ndege. Alikaa mwisho wa sakafu, miguu ameinyoosha mbele na kuitanua kidogo, mkao wa mwanamke anayecheza na mtoto. Akaubiringisha mpira. Ulikwenda taratibu, ukafika pale, ukasimama. Bibi akanyoosha mkono, kiganja juu, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti nyembamba ya msichana, "Nipe mama. Nipe. Asante."

Na mpira ukarudi. Nakuambia nilichokiona, uamini usiamini, nami nimeshachoka kubishana na watu wa mjini. Ulirudi polepole ukagusa wayo wake. Bibi aliniambia, bila kugeuka, kwamba walikuwa wakicheza hivyo na kibuyu kidogo. Anambiringishia, mtoto anakishika, na harudishi mpaka aambiwe asante. Nilirudi nyuma mpaka nikagusa benchi. Harufu ya ukoko ilikuwa kali kana kwamba chungu kiko kati yetu.

Basi uwanja wetu ukawa na sheria ambayo nadhani haipo popote duniani. Mpira ukisimama pale, mchezo unasimama, hakuna kukimbia, na anayekwenda kuuokota anasema asante. Mwalimu aliiandika ubaoni pamoja na sheria nyingine. Walikuja wageni kucheza nasi, vijana wa Kemambo, wakatucheka mpaka wakakaa chini. Mpira uliposimama, mmoja wao akaunyakua bila kusema kitu. Alisimama kidogo akitazama kiganja chake, kisha akautua mpira pale pale kwa mikono miwili, akasema asante, akauchukua tena. Hakutuambia aliona nini. Mchezo ulipoendelea, yeye ndiye aliyekuwa akisema kwa sauti kuliko sisi wenyeji.

Baba na shangazi walitaka mifupa ihamishwe, padri aitwe, mambo yafanywe kikristo. Bibi alikataa kabisa. "Mwacheni acheze na wenzake," alisema. "Siku yangu ikifika nitampitia mwenyewe."

Mwalimu alihamishwa, gongo likaoza, sisi tukatawanyika. Jana mchana, siku ya nne baada ya mazishi, nilichukua mpira nikaenda bustanini. Kibao hakipo. Benchi moja limebaki, nyasi zimekula mpaka wa uwanja, na mawe meupe yamekwenda kujengea vibanda. Sakafu ipo, imepasuka. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona ile sehemu ya ukubwa wa ungo imekauka, ina nyufa kama kwingine. Nilikaa chini, nikanyoosha miguu, mwanamke mzima mwenye nguo za matanga, nikaubiringisha.

Ulipita. Haukupunguza mwendo wala kuyumba, ulipita pale kama pasipo na kitu na kwenda kupotelea kwenye nyasi. Nikaufuata, nikaubiringisha kutoka upande wa pili, nao ukapita. Nikavuta pumzi nitafute harufu ya ukoko nikapata vumbi na samaki wa kukaanga kutoka barabarani. Utotoni niliogopa mahali pale kuliko fisi, na jana ningetoa chochote niogope tena.

Wasichana wawili wenye madumu walikuwa wamesimama njiani wakinitazama. Mmoja akauliza, "Shikamoo mama, unacheza na nani?"

Nikawaambia sichezi na mtu. Bibi alikuwa amempitia.